Word ya Zamani na Word Mpya kwenye Kompyuta Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa makatibu muhtasi, walimu, wenye steshenari na wanafunzi wa vyuo ambao hulazimika kuweka Word mpya kwenye kompyuta ambayo tayari ina ile waliyoizoea. Mifano mingi inahusu Word 2003 ikikaa pamoja na toleo la 2007 au la baadaye, kwa kuwa hapo ndipo mfumo wa mafaili na sura ya programu vilipobadilika kwa pamoja. Majina ya vitufe na menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini ili msomaji asipate taabu ya kuyatafuta.

## Mambo ya msingi

1. Je, matoleo mawili ya Word yanaweza kukaa kwenye kompyuta moja?

Yanaweza, mradi yawe na namba tofauti za ndani. Kila toleo, mbali na jina lake la mwaka, lina namba ambayo Windows huitumia kulitambua: Word 97 ni namba 8, Word 2000 ni 9, Word 2002 ni 10, Word 2003 ni 11, Word 2007 ni 12, Word 2010 ni 14 kwa sababu 13 ilirukwa, na Word 2013 ni 15. Ukifungua folda ya Microsoft Office ndani ya Program Files, utaziona folda za Office11, Office12 au Office14 zikiwa zimepangana, kila moja na winword.exe yake. Kwa hiyo programu zenyewe hazifutani.

Kinachogombaniwa ni vile vitu ambavyo Windows huruhusu mwenyewe mmoja tu, au ambavyo matoleo yote huvitumia kwa pamoja: haki ya kufungua faili unapolibofya mara mbili (maswali ya 8 na 9), kiolezo kikuu kinachoitwa Normal (swali la 11), na baadhi ya vipande vya Office ambavyo Word hushirikiana na programu nyingine. Karibu kila tatizo linalotajwa hapa chini chanzo chake ni mojawapo ya hayo.

Kuanzia Word 2016 mambo ni tofauti. Matoleo ya 2016, 2019, 2021, 2024 na lile la Microsoft 365 yote yana namba 16, na kwa sababu hiyo mawili kati yao hayawezi kukaa pamoja kwa njia ya kawaida. Tazama swali la 19.

2. Kuna sababu gani ya msingi ya kubaki na toleo la zamani?

Zipo sababu za kweli. Ofisi inaweza kuwa na fomu zilizojengwa kwa makro (amri zilizoandikwa ili Word ifanye kazi fulani yenyewe) ambazo aliyeziandika ameshastaafu; mwalimu anaweza kuwa na mitihani ya miaka 15 yenye milinganyo iliyotengenezwa kwa Equation Editor ya zamani; mtunza kumbukumbu anaweza kutakiwa kuchapa upya hati ya mwaka 2001 ikiwa na kurasa zilezile na mistari ileile. Watu hawa wanastahili kusaidiwa wabaki na programu yao, tena bila kuharakishwa.

Sababu dhaifu ni mazoea ya menyu peke yake. Ni kweli kwamba Word 2007 iliondoa menyu za juu na kuleta utepe wenye vichupo, na wengi waliona kama wamehamishiwa nyumba isiyo na milango. Hata hivyo mazoea hayo mapya huja baada ya majuma machache ya kazi, na hatari zinazoelezwa katika swali la 17 ni kubwa mno kubebwa kwa ajili ya menyu tu.

3. Faili la .doc na la .docx zinatofautianaje?

Faili la .doc ni la mfumo wa binari uliodumu kuanzia Word 97 hadi Word 2003, ambamo maneno, picha na mitindo yote husukwa pamoja kwa namna inayosomeka na programu tu. Faili la .docx lilikuja na Word 2007, nalo ni furushi la zip lililojaa mafaili madogo ya XML, yaani maandishi ya kawaida yenye alama za mpangilio. Mfumo huo ulipitishwa mwaka 2006 kwa jina la ECMA-376, kisha mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 29500, na ndiyo maana programu nyingi zisizo za Microsoft nazo huweza kuusoma.

Unaweza kulishuhudia hilo kwa macho yako. Nakili faili moja la .docx, ibadilishe jina nakala hiyo ili imalizikie kwa .zip, kisha uifungue. (Ikiwa tamati za mafaili hazionekani, kwenye dirisha la mafaili la Windows 10 bofya View na uweke alama kwenye File name extensions.) Ndani utakuta folda inayoitwa word, na ndani yake faili la document.xml lenye maneno yote uliyoandika, pamoja na folda ya media ambamo kila picha imekaa peke yake. Niliwahi kuletewa taarifa ya mahafali iliyokataa kabisa kufunguka katika toleo lolote. Picha zake zote tulizitoa salama kwenye folda hiyo ya media, na maneno tukayachukua kwenye document.xml. Faili la .doc likiharibika halitoi nafasi kama hiyo.

## Kusakinisha

4. Nianze kusakinisha toleo lipi?

Anza na la zamani kuliko yote, kisha panda kwa mpangilio wa miaka. Toleo jipya linajua kwamba kuna ndugu zake wakubwa na limeandaliwa kuishi nao. La zamani halijui lolote kuhusu yatakayokuja baada yake, na likisakinishwa mwisho hujitwalia mafaili yote na kuandika vipande vyake vya zamani mahali palipokuwa na vipya.

Ikiwa tayari umesakinisha jipya na sasa unalihitaji la zamani, njia safi ni kuliondoa jipya, kusakinisha la zamani, kulisasisha, kisha kulirudisha jipya. Ukishindwa kufanya hivyo, sakinisha la zamani juu yake, halafu nenda kwenye Control Panel, sehemu ya Programs and Features, uchague toleo jipya, ubofye Change na kisha Repair. Kabla ya hatua yoyote, nakili pembeni kiolezo chako na kamusi yako kama inavyoelezwa katika maswali ya 11 na 12.

5. Wakati wa kusakinisha Office 2007 au 2010, nibofye nini ili Word 2003 isifutwe?

Usibofye Upgrade, kwa sababu kitufe hicho huondoa toleo la zamani bila kuuliza tena. Bofya Customize, kisha kwenye kichupo cha Upgrade chagua Keep all previous versions. Kosa hili ndilo linaloleta vilio vingi kuliko yote, na hutokea kwa sekunde moja tu.

Zingatia Outlook. Programu hiyo haiishi na toleo jingine la jina lake, na usakinishaji wa kawaida wa toleo jipya huiondoa ile ya zamani hata kama umechagua kubaki na mengine yote. Anayetunza barua pepe zake kwenye Outlook ya zamani aondoe Outlook katika orodha ya vitu vitakavyosakinishwa, kwenye kichupo cha Installation Options.

6. Nichague biti 32 au biti 64?

Chagua biti 32 kwa matoleo yote. Office ya biti 64 ilianza na toleo la 2010, kwa hiyo yote yaliyotangulia ni ya biti 32, na kwa kawaida kisakinishi hukataa kuchanganya aina hizo mbili. Windows yenyewe kuwa ya biti 64 si tatizo.

7. Leseni moja inatosha kwa matoleo yote mawili?

Hesabu kila toleo kuwa na leseni yake. Leseni ya bei nafuu iliyouzwa kwa ajili ya kupanda kutoka toleo moja hadi jingine kwa kawaida huchukua nafasi ya ile ya mwanzo, kwa hiyo soma masharti yaliyokuja na diski yako kabla ya kuendelea kuitumia ya zamani.

## Matumizi ya kila siku

8. Kila nikifungua Word, kinatokea kijisanduku kinachosema kwamba Office inajisanidi, na nasubiri dakika nzima. Je, ni kirusi?

Si kirusi. Kila Word inapoamka huangalia katika sajili ya Windows (registry, yaani daftari la mipangilio yake) kama yenyewe ndiyo iliyoandikishwa kuwa mfunguaji wa hati. Ikikuta jina la toleo jingine, hujiandikisha upya, na kazi hiyo ndiyo inayoonyeshwa na kijisanduku chenye neno Configuring. Kesho ukifungua lile toleo la pili, nalo huona limenyang'anywa, hujiandikisha, na mvutano huendelea kila siku. Ukilitumia toleo moja tu kwa siku kadhaa kijisanduku hakitokei, ukibadilisha, kinarudi.

Unaweza kuvumilia, na wengi huvumilia. Asiyeweza ana dawa ya hatua mbili. Kwanza, funga Word zote, kisha andikisha rasmi toleo unalotaka liwe mfunguaji mkuu kwa kubofya Start, kuchagua Run na kuandika njia kamili ya programu ikifuatiwa na /r, kwa mfano:

"C:\Program Files\Microsoft Office\Office14\winword.exe" /r

Kwenye Windows ya biti 64, folda hiyo huwa Program Files (x86). Pili, yazuie matoleo yote mawili yasijiandikishe tena, kwa kuandika amri hizi katika dirisha la Command Prompt:

reg add HKCU\Software\Microsoft\Office\11.0\Word\Options /v NoReReg /t REG_DWORD /d 1

reg add HKCU\Software\Microsoft\Office\14.0\Word\Options /v NoReReg /t REG_DWORD /d 1

Namba 11.0 na 14.0 ni za Word 2003 na Word 2010. Weka namba za matoleo yako kulingana na swali la 1. Badiliko hili humhusu mtumiaji mmoja wa Windows, kwa hiyo kompyuta yenye watumiaji watatu itahitaji amri hizo mara tatu, kila mmoja akiwa ameingia kwa jina lake. Ikiwa hujawahi kugusa sajili ya Windows, mwombe anayeifahamu akae nawe mara ya kwanza, kwa sababu kosa la herufi moja hapo halionekani mpaka baadaye.

9. Nikibofya hati mara mbili inafunguka kwa toleo nisilolitaka. Nimejaribu Open with lakini haisaidii.

Haisaidii kwa sababu programu zote mbili zinaitwa winword.exe, na Windows mara nyingi huzichukulia kuwa ni kitu kimoja hata ukizionyesha folda tofauti. Suluhisho la kudumu kwa mfunguaji mkuu ni lile la swali la 8.

Kwa hati moja moja, ninapendekeza njia ya SendTo, ambayo nimeiona ikiwaondolea watu usumbufu wote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:sendto, na folda ndogo itafunguka. Weka humo njia za mkato mbili, moja ya kila winword.exe, na uzipe majina yanayosomeka: Word 2003 na Word 2010. Kuanzia hapo, ukibofya kitufe cha kulia juu ya hati yoyote na kwenda Send to, utayaona majina hayo mawili, na utachagua mwenyewe ni nani aifungue.

10. Ninaweza kuyafungua matoleo yote mawili kwa wakati mmoja?

Ndiyo, kila moja likiwa na hati yake. Hati ileile haiwezi kuhaririwa na matoleo mawili kwa pamoja: Word inapofungua hati huweka kando yake faili dogo lililofichwa ambalo jina lake huanza na ~$, na toleo la pili likiliona hukuambia kwamba hati imefungwa na mtumiaji mwingine, hata kama mtumiaji huyo ni wewe. Umeme ukikatika ghafla faili hilo hubaki. Hakikisha Word zote zimefungwa, lifute, na hati itafunguka.

11. Mipangilio yangu ya fonti na nafasi ilipotea baada ya kusakinisha Word mpya. Iko wapi?

Mipangilio hiyo hukaa kwenye kiolezo kikuu, ambacho ndicho kila ukurasa mpya mtupu huzaliwa kutoka kwake. Hadi Word 2003 kiliitwa Normal.dot; kuanzia Word 2007 kinaitwa Normal.dotm. Vyote hukaa kwenye folda moja, nayo unaifikia kwa kuandika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye Run.

Kwa kuwa majina ni mawili, Word 2003 na Word 2010 hazigombanii kiolezo. Wanaopata taabu ni wale walioweka pamoja Word 2007 na Word 2010, au 2010 na 2013, kwa sababu hayo yote hutumia Normal.dotm ileile, na kila unachobadilisha kwenye moja huonekana kwenye jingine. Folda ya STARTUP iliyo chini ya %appdata%\Microsoft\Word nayo ni ya wote, hivyo nyongeza iliyotengenezwa kwa ajili ya toleo moja inaweza kulikwaza la pili. Ili kujua kama chanzo cha tatizo ni kiolezo au nyongeza, anzisha Word kwa kuandika njia yake kamili kwenye Run ikifuatiwa na /a. Ikifunguka vizuri kwa namna hiyo, shida imo humo.

12. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiongeza maneno ya Kiswahili kwenye kamusi ya Word. Je, Word mpya itayatambua?

Si yenyewe. Maneno unayoyaongeza kwa Add to Dictionary huandikwa kwenye faili la CUSTOM.DIC, ambalo katika Word 2003 hukaa kwenye folda ya %appdata%\Microsoft\Proof, na kuanzia Word 2007 hukaa kwenye %appdata%\Microsoft\UProof. Ukiingia kwenye Word mpya na kuona kila neno la Kiswahili limepigiwa mstari mwekundu, kamusi yako haijafutika, imebaki kwenye folda ya zamani.

Faili hilo ni maandishi ya kawaida, neno moja kila mstari. Lifungue kwa Notepad, nakili maneno yote, yabandike kwenye faili la folda mpya ukiwa umeifunga Word, na ulihifadhi likiwa Unicode, ambayo kwenye Notepad ya Windows 10 imeandikwa UTF-16 LE. Kwa mtu anayeandika Kiswahili kila siku, kamusi hiyo ni jasho la miaka, na inafaa iwe na nakala kwenye flashi kama zilivyo hati zenyewe.

## Hati zinazopita kati ya matoleo

13. Maneno Compatibility Mode yaliyo juu ya dirisha yana maana gani? Nibofye Convert?

Maana yake ni kwamba hati iliyo mbele yako ni ya mfumo wa toleo la nyuma, na Word mpya imejizuia kutumia mambo ambayo toleo hilo lisingeyaelewa. Huonekana kwa mafaili ya .doc, na pia kwa .docx za mwaka 2007 au 2010 zikifunguliwa kwenye Word 2013 au ya baadaye. Si dalili ya kasoro.

Usibofye Convert ikiwa hati bado itarudi kwa mtu mwenye Word 2003. Kitufe hicho, kilichoko chini ya File na Info, hakitengenezi nakala pembeni: ukihifadhi baada ya kukibofya, .doc yako huondoka na nafasi yake huchukuliwa na .docx, na mpangilio wa kurasa unaweza kuhama. Ukitaka kubadilisha, nakili kwanza ile ya awali kwenye folda nyingine.

14. Nikihifadhi .docx kuwa .doc ili mwenzangu aifungue, nitapoteza nini?

Maneno, majedwali ya kawaida, tanbihi na picha hupita salama. Michoro ya SmartArt na milinganyo ya Word mpya hugeuka picha ambazo Word 2003 haiwezi kuzihariri. Maandishi uliyoyahamisha ukiwa umewasha Track Changes huonekana kama yamefutwa huku na kuongezwa kule. Visanduku vya kujaza fomu hugeuka maandishi ya kawaida, na marejeleo yaliyowekwa kupitia kichupo cha References nayo hugeuka maandishi yasiyojisasisha.

Hilo la mwisho ndilo ninalolihofia zaidi. Mwanafunzi mmoja aliniletea tasnifu ya kurasa zaidi ya 100 ambayo alikuwa ameihifadhi kuwa .doc kwa ajili ya msimamizi wake mwenye Word 2003, kisha akaendelea kufanya kazi kwenye nakala hiyohiyo iliyorudi na masahihisho. Alipoongeza rejeleo jipya katika sura ya 2, orodha ya mwisho haikubadilika, kwani kila rejeleo lilikuwa limekwishakuwa maneno tu. Tuliyaingiza upya moja baada ya jingine kwa siku mbili. Kama angebaki na .docx yake kuwa hati mama na kuyahamishia humo masahihisho ya msimamizi, yasingetokea hayo.

Kabla ya kuhifadhi kuwa .doc, bofya File, Info, Check for Issues, kisha Check Compatibility. Word itakuorodheshea kila kitakachobadilika. Kwenye Word 2007, amri hiyo iko chini ya kile kitufe cha duara cha Office, sehemu ya Prepare.

15. Mbona hati ileile ina kurasa 3 kwenye Word moja na kurasa 4 kwenye nyingine?

Mara nyingi ni fonti. Word 2003 ilianza kila hati kwa Times New Roman. Word 2007 ikaleta Calibri, ambayo kompyuta ya zamani huenda haina, nayo huweka fonti nyingine mahali pake bila kukuarifu. Fonti mbadala ikiwa pana kidogo tu, mstari mmoja husukuma mwingine mpaka ukurasa mzima unahama. Niliona muhtasari wa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa ambao mistari ya sahihi za mwenyekiti na katibu ilihamia peke yake kwenye ukurasa wa 4, ukiwa mtupu juu na chini, na wajumbe wakasita kuusaini kwa kuwa sahihi zingekuwa kwenye karatasi isiyo na neno lolote la kikao. Walikuwa na haki ya kusita.

Sababu ya pili ni nafasi kati ya mistari na aya. Word 2007 ilianza kwa nafasi ya mistari ya 1.15 na pointi 10 baada ya kila aya, Word 2013 ikashusha hadi 1.08 na pointi 8. Ya tatu ni printa: Word hupanga mistari kwa kutazama printa iliyochaguliwa, hivyo kubadilisha printa kunaweza kubadilisha kurasa. Ya nne inahusu majedwali. Katika hati za mfumo wa Word 2010 na kurudi nyuma, mstari wa nje wa jedwali hutokeza kidogo kushoto ili maneno ya ndani yalingane na aya. Katika mfumo wa 2013 mstari wenyewe ndio unaolingana na aya.

Hati inayoendelea kuhaririwa ipe fonti ambayo kompyuta zote zinayo, na uiwekee nafasi za aya kwa mitindo badala ya kubonyeza Enter mara nyingi. Hati iliyokamilika, hasa inayosubiri sahihi, ihifadhi kuwa PDF na uchape hiyo.

16. Word 2003 inakataa kufungua .docx. Nifanye nini?

Zamani Microsoft ilitoa nyongeza iliyoitwa Compatibility Pack, iliyoziwezesha Word 2000, 2002 na 2003 kufungua na kuhifadhi .docx. Iliacha kutolewa mwaka 2018. Kama unayo kwenye diski ya zamani unayoiamini, bado hufanya kazi. Usiipakue kwenye tovuti usiyoijua. Kwa kuwa una Word mpya kwenye kompyuta hiyohiyo, njia nyepesi ni kuifungua huko na kuihifadhi kuwa Word 97-2003 Document, ukizingatia swali la 14.

## Usalama

17. Je, ni hatari kuendelea kutumia Word 2003?

Kwa hati zako mwenyewe, hatari ni ndogo. Kwa hati zinazotoka nje, ni kubwa. Microsoft iliacha kurekebisha kasoro za usalama za Office 2003 tarehe 8 Aprili 2014, za Office 2007 tarehe 10 Oktoba 2017, za Office 2010 tarehe 13 Oktoba 2020, za Office 2013 tarehe 11 Aprili 2023, na za Office 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025. Kasoro inayogunduliwa baada ya tarehe hizo hubaki wazi.

Fanya toleo jipya liwe ndilo linalofungua kila kinachotoka kwenye barua pepe, WhatsApp au flashi ya mteja. Word 2010 na za baadaye hufungua hati zilizotoka kwenye intaneti katika Protected View, yaani unaisoma bila hati kuweza kuigusa kompyuta; Word 2003 haina ngao hiyo. Kwa mwenye steshenari, ambaye kwa siku moja huchomekewa flashi za watu wasiojuana, jambo hili si la kuahirisha.

Milinganyo ya zamani nayo imeguswa na suala la usalama. Equation Editor 3.0 ilikutwa na kasoro nzito, na Microsoft ikaiondoa kwa masasisho ya Januari 2018. Milinganyo yake bado inaonekana na kuchapika kwenye Word mpya, lakini kihariri chenyewe hakimo tena. Anayehitaji kuihariri ana sababu halali ya kutunza Word ya zamani kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti.

18. Makro zangu zitafanya kazi kwenye toleo jipya?

Nyingi zitafanya, zikihifadhiwa kwenye faili la .docm au .dotm, kwa kuwa .docx haibebi makro. Zinazoita vipande vya Windows moja kwa moja hugoma kwenye Office ya biti 64 mpaka ziandikwe upya kwa neno PtrSafe, na hiyo ni sababu nyingine ya kufuata jibu la swali la 6.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nahitaji Word 2016 na Word 2021 kwa pamoja. Hakuna njia kabisa?

Ipo, kwa kutumia mashine pepe: Windows ya pili inayoishi ndani ya dirisha la Windows yako, kwa programu kama VirtualBox, au kwa Hyper-V iliyomo kwenye Windows 10 Pro. Toleo moja hukaa nje, jingine ndani, na hayakutani kamwe. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 huimudu. Yenye GB 4 itakuchosha. Windows ya ndani nayo huhitaji leseni yake. Njia hii ndiyo bora pia kwa Word 2003, kwa sababu unaweza kuizimia mashine hiyo intaneti moja kwa moja.

20. LibreOffice inaweza kukaa pamoja na Word?

Bila shida. Wakati wa kusakinisha itakuuliza kama iwe mfunguaji wa hati za Word. Acha visanduku hivyo bila alama. Ukitaka matoleo mawili ya LibreOffice yenyewe, fahamu kwamba jipya hulifuta la zamani, hivyo la pili litumie katika umbo lake la kubebeka ambalo hukaa kwenye folda yake na kutunza mipangilio yake humohumo.

Wapo pia wenye hati kutoka enzi za Jambo OpenOffice, ile OpenOffice.org yenye menyu za Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hati za OpenOffice.org za wakati huo huishia kwa .sxw, na LibreOffice bado huzifungua.

21. Natumia Mac. Je, haya yananihusu?

Kwa sehemu. Word 2011 na Word 2016 za Mac ziliweza kukaa pamoja, lakini macOS Catalina ya mwaka 2019 iliacha kuendesha programu za biti 32, na Word 2011 ni mojawapo. Ukiihitaji, usipandishe mfumo.

22. Nina hati za Word 6, Word 95 au WordPerfect kwenye disketi. Word mpya inasema zimezuiwa.

Kuzuiwa huko ni kwa makusudi, kwa kuwa visomaji vya mifumo hiyo vilikuwa mlango wa mashambulizi. Kwa hati za Word 6 na 95, nenda File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, kisha File Block Settings, uondoe alama mbele ya mfumo husika, ufungue hati zako, uzihifadhi upya, na urudishe alama siku hiyohiyo.

Kwa WordPerfect, na kwa rundo la hati usilotaka kulifungua moja moja, tumia LibreOffice. Zinakili hati kwenye diski ya kompyuta kwanza, kwa sababu disketi ya zamani inaweza kusomeka mara moja ikakataa mara ya pili. Kisha fungua Command Prompt ndani ya folda hiyo na uandike amri ifuatayo, ukianza na njia kamili ya soffice.exe:

"C:\Program Files\LibreOffice\program\soffice.exe" --headless --convert-to docx *.wpd

Weka *.doc badala ya *.wpd kwa hati za Word. Ukimaliza, fungua chache miongoni mwa zile ndefu, ulinganishe tanbihi na majedwali na nakala iliyochapwa kama ipo, na uzitunze zile za awali kwenye folda yake bila kuzigusa.